Mwalimu Kidole na barua ya watoto tisa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, wanafunzi mia sita na kumi na wawili wamesimama mstarini, sare zimenyooshwa, wengine bado wanahangaika na kifungo cha shingoni. Mwalimu mkuu anapanda ngazi mbili za saruji, anafungua kitabu alichokabidhiwa dakika hii hii, na anaweka kidole cha shahada chini ya neno la kwanza.

Ukurasa huu hajawahi kuuona. Ndiyo kanuni ya Jumatatu katika shule hii: mwanafunzi mmoja anachagua kitabu chochote, ukurasa wowote, na mwalimu mkuu anausoma mbele ya shule nzima bila kujiandaa.

Leo ni ukurasa wa sayansi unaoeleza jinsi sikio linavyopokea sauti. Sentensi ya kwanza inakwenda vizuri. Ya pili inamshika. Anasimama kwenye neno, anarudi nyuma, anajaribu, anakosea, anarudi tena. Hakuna anayecheka. Hakuna anayedokeza pia, maana kudokeza ni kosa mpaka mwenyewe ainue mkono kuomba msaada. Mstari wa mbele, mtoto wa darasa la kwanza amekunja uso na kukaza ngumi kana kwamba anasukuma gari lililokwama.

Neno linatoka. Kidole kinasogea. Ukurasa mmoja unakula dakika tano na nusu, na ukiisha shule inapiga makofi matatu, hayazidi, halafu watoto wanaingia madarasani.

"Mwanzoni walikuwa wanapiga makofi mpaka majirani wanatoka nje," anasema akishuka ngazi. "Nikawaambia, jamani, nimesoma tu, sijafufuka."

Watoto wanamwita Mwalimu Kidole, naye hana neno. Wanafunzi wapya hudhani amekatika kidole, kwa hiyo wiki ya kwanza humhesabu vidole kwa siri kila akipita. Wakikuta vyote kumi vipo, anasema, wanasikitika kidogo.

Ana umri wa miaka hamsini na minne, na amefundisha kwa miaka ishirini na tisa. Ana disleksia, hali ya kuzaliwa nayo inayoufanya ubongo upate taabu kutambua maneno yaliyoandikwa, hata kama mtu ana akili timamu na macho mazima. Kwake yeye, ukurasa haujawahi kutulia. Ule ambao wengine wanausoma kwa dakika moja, yeye lazima auvuke kwa kidole, neno kwa neno, tangu utoto hadi asubuhi ya leo.

Lakini asubuhi ya leo hilo silo linalomnyima raha. Anasubiri barua.

Katika darasa la saba la shule yake wamo watoto tisa wenye tatizo kama lake. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi umebaki wiki tano. Ameiomba ofisi ya mitihani iruhusu watoto hao wasomewe maswali kwa sauti na waongezewe muda. Aliomba mwaka juzi, akajibiwa hakuna utaratibu huo. Aliomba mwaka jana, akajibiwa utaratibu upo ila amechelewa. Mwaka huu alipeleka ombi mwezi wa kwanza, wiki ya kwanza, siku ya kwanza ya kazi, na akasimama dirishani mpaka karani akaligonga muhuri mbele yake.

"Mwaka jana walikuwa saba," anasema. "Wakafaulu wawili. Wale watano ukiwauliza jinsi sikio linavyofanya kazi, watakueleza vizuri kuliko mimi. Karatasi iliwauliza kwa maandishi, muda ukaisha wakiwa ukurasa wa pili. Sasa nikikutana na mama zao njiani nawaambia nini?"

Jibu limeahidiwa leo, kabla ya saa sita.

Wakati wa kusubiri, anapitia madarasa. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, anayetembea upesi kama anayekimbilia maziwa yasichemke yakamwagika. Darasa la pili anakuta watoto wanakata kadi ngumu za maboksi, katikati wanatoboa dirisha jembamba. Kadi hiyo ikiwekwa juu ya kitabu, huonyesha mstari mmoja tu na kuficha mingine. Anainama, anaipima moja kwa jicho, anamwambia mwenye nayo aongeze upana kidogo.

Kadi ya kwanza ya aina hiyo alipewa na mwalimu wa ushonaji akiwa na miaka kumi na miwili. Wakati huo alikuwa darasa la tatu kwa mara ya tatu.

"Mara ya tatu," anarudia, akinyoosha vidole vitatu kama msikilizaji ana shaka. "Mdogo wangu wa kiume alinikuta hapo, tukakaa dawati moja. Mwaka uliofuata akapanda, akaniacha.  Siku hiyo nyumbani Mama alitugawia chakula, akanipa mimi kwanza."

Mama yake alikuwa mfagiaji wa soko, na hakujua kusoma hata kidogo. Majirani walimshauri amtoe binti shule, amtafutie kazi ya ndani, maana kichwa kimegoma. Mama akawajibu jibu ambalo watoto wake wanalikariri mpaka leo: "Huyu mnayemwita mjinga ananikumbusha maneno niliyosema mwaka juzi, na siku niliyoyasema, na nguo niliyovaa. Mjinga gani huyo anayenishinda mimi mamake?"

Mwalimu wa darasa hakuwa na subira ya namna hiyo. Kila kipindi cha kusoma alimsimamisha ukutani, uso umeelekea plasta, mpaka wenzake wamalize zamu zao. Anauzungumzia ukuta ule bila uchungu mkubwa, ingawa anakumbuka ulikuwa na ufa uliopinda juu ya bomba la maji.

"Simlaumu sana. Alikuwa na watoto tisini na hakuna aliyewahi kumfundisha kitu kama changu. Lakini nisiseme uongo, iliniuma. Niliamini kweli kwamba mimi ni kiazi."

Mwalimu wa ushonaji ndiye aliyeona tofauti. Alisoma vipimo vya gauni kwa sauti mara moja tu, mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na wiki moja baadaye binti wa darasa la tatu akavitaja vyote bila kuangalia popote. Mwalimu akaweka mkasi chini. Tangu siku hiyo akawa anambakiza baada ya masomo, nusu saa kila siku, kwa kadi yenye dirisha na kidole.

"Hakuwa mtaalamu. Alikuwa mshonaji," anasema mwalimu mkuu. "Alinieleza hivi: nguo haishonwi yote kwa pamoja, inashonwa mshono kwa mshono. Sasa wewe unataka kumeza gauni zima, utaacha kupaliwa? Ameshatangulia mbele ya haki. Kila nikiona mtoto amevuka mstari mmoja, namwombea."

Alimaliza shule ya msingi akiwa na miaka kumi na saba, mkubwa kuliko baadhi ya walimu wa mazoezi. Sekondari aliivuka kwa kusikiliza. Chuo cha ualimu kikawa mlima mwingine, maana huko vitabu vilikuwa vinene na hakuna mwalimu aliyesimama mbele kuvisoma. Ndipo dada yake mkubwa alipoingia.

Dada huyo, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuamrisha, anakaa nyumba ya tatu kutoka shuleni. Akiulizwa habari za kanda za kaseti alizomrekodia mdogo wake, anacheka mpaka anavua miwani.

Alikuwa na redio ya kaseti. Kila akitoka zamu hospitalini, alikaa uani na kitabu cha mdogo wake, akabonyeza kitufe, akasoma kwa sauti mpaka koo likakauka. Alijaza kanda kumi na nne. Hakujua kufuta makosa, kwa hiyo kila kilichopita uani kiliingia.

"Nasoma ukuaji wa mtoto una hatua nne, kuku anapanda kwenye unga, nasema shii, toka, hatua ya kwanza," anasimulia. "Mwenzangu akakariri vyote. Kwenye mtihani anasema ilibidi ajizuie asimwandike yule kuku."

"Niliandika hatua zote nne sawasawa," mwalimu mkuu anajitetea pembeni yake. "Kuku nilimwacha."

Alifaulu kwa kupenya tundu la sindano, alama mbili juu ya mstari. Akaajiriwa. Na hapo, anasema, ndipo alipofanya kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa aliamua kuficha.

Alificha kwa miaka kumi na moja. Jioni dada yake alimsomea kurasa za kesho, naye akazikariri. Darasani alishika kitabu mkononi, macho kwenye ukurasa, mdomo ukitoa kumbukumbu. Matangazo ya ubaoni alimuuliza mwenzake kwa ujanja: "Eti umelionaje lile tangazo?" Fomu alizipeleka nyumbani kwa kisingizio cha miwani. Na watoto wake walifaulu kusoma kuliko wa madarasa mengine yote, kwani aliwafundisha kwa kila njia ambayo yeye alitamani kufundishwa: kwa mchanga, kwa makofi, kwa nyimbo, kwa kidole. Hakuna aliyemshuku.

Kilichokuwa kigumu kilikuwa daftari la mahudhurio.

"Majina hamsini na nane, mbele ya watoto hamsini na wanane, yangenila kipindi kizima," anasema. "Nikatafuta dawa. Niliyapanga majina kwenye daftari kufuata viti. Kiti cha kwanza, mstari wa kwanza. Kiti cha pili, mstari wa pili. Asubuhi naangalia viti tu na kuweka alama. Kiti kitupu, hayupo. Sikuwa nasoma jina hata moja, na dawa ikafanya kazi miaka kumi na moja."

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Paa lilivuja usiku, mfagizi akasogeza madawati yaliyolowa, watoto wakakaa popote palipokuwa pakavu. Mwalimu alichelewa kwa tope, akaingia, akaona kiti kimoja kitupu, akaweka alama ya kutokuwepo kwenye mstari wake. Lakini kiti hicho kilikuwa cha mtoto aliyehamia pakavu; kiti cha binti ambaye kweli hakuja kilikuwa kimekaliwa na mwenzake.

Saa tano mama mmoja alifika shuleni na dawa ya pumu ya binti yake aliyeisahau nyumbani. Mtoto alikuwa na miaka minane. Darasani hakuonekana. Daftari likaangaliwa, na daftari likasema yupo, ameingia tangu asubuhi. Maana yake ikawa ametoweka akiwa mikononi mwa shule.

Walimtafuta kwa saa nne, vyooni, kisimani, barabarani. Mwalimu anasema mpaka leo akisikia mtu anaita jina la mtoto kwa sauti ile, hutoka nje kuangalia. Saa tisa binti akapatikana kwa shangazi yake. Alikimbilia kule kujikinga na mvua asubuhi, shangazi akadhani shule imefungwa, wakakaa wanapika. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Mwalimu mkuu wa wakati huo akamwita ofisini. Sasa ni mstaafu wa miaka sabini na tatu, analima bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake, na anakumbuka siku hiyo kama jana.

"Nilikuwa na hasira, nisikufiche," anasema akifuta udongo mikononi. "Nilishaandika barua ya onyo. Nikamsukumia mezani nikamwambia, isome, kisha utie sahihi. Akaishika, akaitazama weee. Nikamwambia, soma. Akasema, 'Siwezi, Mkuu.' Nikadhani ni jeuri. Nikamuuliza, huwezi tangu lini? Akaniambia, 'Tangu nizaliwe.'"

 Mzee akainuka, akafunga mlango. Akavuta rundo la matokeo ya kusoma ya shule nzima, akatafuta darasa la huyu mwanamke, akalikuta juu kabisa kwa mwaka wa sita mfululizo. Anakiri kwamba alikaa akiangalia karatasi ile mpaka chai yake ikapoa.

"Nilijiuliza, mtu asiyesoma amewafundishaje kusoma? Halafu nikajijibu mwenyewe. Sisi wengine tulisoma kwa urahisi, ndiyo maana hatujui njia. Yeye anaijua kila kona ya njia, amepita akianguka."

Hakuichana ile barua ya onyo. Alimsomea yote, kwa sauti, na akamtaka atie sahihi, kwa sababu mtoto alipotea na hilo halifutiki. Ila aliongeza sharti moja: awaambie walimu wenzake yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ilimchukua wiki tatu kupata ujasiri. Alisimama wakati wa mapumziko, vikombe vikiwa mezani, akasema yote kwa pumzi moja.  Wengine wakatazama sakafu. Kisha mwalimu wa hesabu, kijana mnene aliyekuwa hamsemeshi kwa muda mrefu, akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo tangazo langu la harusi hukulisoma?"

"Tangazo gani?"

"Lilikaa ubaoni mwezi mzima. Kila mtu alikuja isipokuwa wewe. Miaka minne nimekununia."

"Nilidhani unanichukia bure."

"Nami nilidhani unaniona si kitu," akasema mwalimu wa hesabu. "Miaka minne yote hiyo, dada yangu. Ungesema tu."

Walicheka mpaka wengine wakatokwa machozi, na machozi mengine, anakubali, hayakuwa ya kicheko. Mwalimu huyo wa hesabu leo ni msaidizi wake, na tangazo lolote likibandikwa ubaoni, bado hulisoma kwa sauti, hata kama yuko peke yake chumbani. Mazoea yana taabu.

Baada ya siku ile mambo hayakunyooka mara moja. Alipoteuliwa kuwa mwalimu mkuu, miaka mitano iliyopita, wazazi kadhaa waliandika malalamiko. Mmoja aliuliza kwenye mkutano: kipofu atawaongozaje vipofu? Yeye hakubishana. Aliomba taarifa ya shule ya mwaka huo, ukurasa mmoja, akausoma mbele ya wazazi mia mbili kwa kidole. Zilipita dakika kumi na moja. Hakuna aliyetoka. Yule mzazi aliyeuliza alimfuata mwisho wa mkutano, akamnong'oneza kwamba naye hajui kusoma, na mwanawe hajui kama yeye hajui.

Hapo ndipo kanuni ya Jumatatu ilipozaliwa. Tangu ianze, anasema, walimu wamewatambua watoto thelathini na wanne ambao zamani wangeitwa wavivu. Wengi walijitaja wenyewe. Walimfuata wakiwa na neno moja: "Mwalimu, na mimi niko kama wewe."

Saa tano na robo tarishi wa ofisi ya elimu anaingia na baiskeli yake, anatoa bahasha, anaomba sahihi. Mwalimu mkuu anatia sahihi. Anakaa. Msaidizi wake amesimama mlangoni, mkono tayari umenyooka.

"Nikusomee?"

"Hapana. Kaa hapo."

Anafungua bahasha kwa uangalifu, anailaza karatasi mezani, anaweka kidole. Ukurasa ni mmoja lakini umeshonana. Mistari mitatu ya kwanza ni salamu na kumbukumbu za barua zilizopita.

"Watu wa ofisi," anasema bila kuinua macho, "wanazunguka kama waliokuja kuposa."

Msaidizi anacheka kidogo, kisha anaacha. Kidole kinatambaa. Kinafika aya ya pili, kinasimama, kinarudi mwanzo wa mstari, kinasogea tena. Midomo yake inatikisika. Nje, darasa la nne wanaimba jedwali la saba, wanakosea saba mara nane, wanaanza upya. Dakika sita zinapita. Kisha anaondoa kidole kwenye karatasi na kufunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Wamekataa?" msaidizi anauliza.

Anatikisa kichwa.  "Wamekubali," anasema hatimaye. "Wote tisa. Kusomewa na nusu saa ya nyongeza kila karatasi. Soma na wewe, nihakikishie sijajidanganya."

Msaidizi anasoma kwa sauti tangu salamu mpaka muhuri. Hajajidanganya. Kuna masharti mawili: wasomaji wasiwe walimu wa shule hii, na majina yao, pamoja na ya watoto, yafike ofisini kabla ya Ijumaa. Dada muuguzi atakuwa wa kwanza, hilo halina mjadala, bora kuku wasiwepo. Mzee wa bustani atakuwa wa pili. Wengine watatafutwa.

"Alhamdulillahi, na ashukuriwe Mungu, na ahsante kwa yeyote aliyeishika kalamu hii," anasema akiigonga barua kwa kidole. "Sijui hata jina lake nimelisoma sawa, lakini nitamwombea hivyo hivyo."

Anawaita watoto tisa. Wanaingia kwa woga, maana kuitwa ofisini hakujawahi kuwa habari njema, na wanajipanga ukutani. Anawaambia wasikae ukutani, wasogee mezani. Anawaeleza. Wanatazamana. Mmoja anauliza, "Hata hesabu?" Anajibiwa hata hesabu. Mwingine anaanza kulia na kujifanya ana mafua.

Katikati ya furaha hiyo mkono mmoja unapanda. Ni wa binti wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mkimya, mtoto wa fundi baiskeli. Miaka miwili iliyopita baba yake alimtoa shuleni ili amsaidie kwenye karakana, na mwalimu mkuu alikwenda mara nne kumrudisha. Darasa la tano alikuwa hawezi kusoma mstari mmoja mbele ya mtu.

"Mwalimu, mimi nisiwekewe mtu."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nipewe muda tu."

Mwalimu mkuu anamtazama. Anamweleza taratibu kwamba kusomewa si aibu, kwamba amepigania hili miaka mitatu, kwamba yeye mwenyewe kama angepata nafasi hii angeipokea kwa mikono miwili na miguu. Anamweleza kwamba mtihani hauna marudio. Anayemsikiliza anaona wazi kwamba anaogopa.

Binti anasubiri amalize. Amefundishwa kusubiri.

"Mwalimu, mimi nasoma," anasema. "Nachelewa tu."

Mwalimu mkuu anainuka, anasema anakuja, anatoka nje. Anasimama kwenye kibaraza, mgongo kwa mlango, kwa muda wa kutosha mpaka darasa la nne wapatie saba mara nane. Anaporudi macho yake ni mekundu na hajifichi.

Baba wa binti anaitwa. Anafika mchana, mikono ina grisi, anakataa kiti asije akakichafua. Anaambiwa uamuzi wa binti yake na hatari yake.

"Mwalimu, mimi simwamulii tena," anasema. "Nilimwamulia mara moja nikamtoa shule. Nyumbani sasa hivi ananisomea risiti za vipuri. Polepole, lakini ananisomea. Muulizeni yeye."

Jioni, shule ikiwa imetulia na wafagizi wakimwagia maji sakafu, mwalimu mkuu anaandika orodha ya ofisi ya mitihani kwa mkono wake. Herufi zake ni kubwa, zimesimama mbalimbali kama wasiosalimiana. Amebakiza miaka sita kustaafu. Akiulizwa anataka kufanya nini kabla ya hapo, anasema anataka kuzunguka shule jirani kumi na mbili, moja kila muhula, akasome ukurasa mmoja mbele ya kila shule kwa kidole chake, kisha anyamaze aone nani atamfuata.

"Na siku moja nisihitajike kuandika barua hizi. Mtoto aseme, mimi nachelewa, na msimamizi amwambie, sawa, kaa, tunakusubiri. Basi. Sina makubwa zaidi ya hayo."

Anamaliza na kumsogezea msaidizi wake karatasi, amhakikishie majina. Msaidizi anapita mstari kwa mstari. Anasema majina yako sawa, ila kwenye jumla ya wanaohitaji msomaji ameandika nane, na watoto ni tisa.

"Nimehesabu vizuri," anasema mwalimu mkuu. "Nane wanasomewa. Mmoja anasoma."